Kiti cha Kuogea Kilichofichwa Kabatini

Kila asubuhi Flaviana alimfunga mumewe vifungo vya shati. Mumewe, Wilbroad, naye alimvalisha soksi. Ndivyo walivyogawana kazi.

Wilbroad alipata kiharusi, na mkono na mguu wake wa kulia vikakosa nguvu. Flaviana aliumia mgongo miaka sita iliyopita, alipokuwa akiinua wagonjwa kazini. Tangu hapo hakuweza kuinama. Wote wawili walikuwa na ulemavu, na kila mmoja alikuwa mlezi wa mwenzake.

Kazi nzito alizifanya Everline, mhudumu aliyelipwa na serikali. Alikuja siku sita kwa wiki kwenye nyumba yao ya kupanga, pale Houston, Marekani. Alimwogesha Wilbroad, akapika, akafagia.

Siku moja barua ikaja. Mpango wa zamani wa huduma ulikuwa unafungwa. Walitakiwa kuhamia mpango mpya, na afisa angekuja nyumbani kuona wanahitaji msaada gani.

"Tuna mgeni Alhamisi," alisema Flaviana.

Basi wakajiandaa kama watu wanaopokea wakwe. Flaviana alikaanga sambusa. Kiti cha plastiki cha kuogea alikificha kabatini, pamoja na mkongojo wake. Wilbroad alivalishwa koti la harusi.

Afisa alikuwa mama mpole mwenye kompyuta ndogo mkononi. Aliuliza kwa Kiingereza, "Unaweza kuoga mwenyewe?"

"Hakuna shida," alijibu Wilbroad.

"Na wewe, mama, mgongo unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu."

Afisa alikula sambusa tatu, akasifu upishi, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye ikaja barua nyingine. Everline angekuja siku moja tu kwa wiki. Flaviana aliisoma mara mbili. Nani atamwinua Wilbroad bafuni?

"Mwisho wake watanipeleka kwenye nyumba ya wazee," alisema Wilbroad taratibu.

Flaviana alichukua barua, akaenda kugonga mlango wa pili. Hapo alikaa Jeptoo, muuguzi kutoka Kenya. Alikuwa ametoka kazini sasa hivi, hata sare hajavua. Alikuja kwao, akaketi, akasoma barua yote mpaka maandishi madogo ya nyuma.

"Mama, hii si mwisho," alisema. "Mko na haki ya kukata rufaa. Na muone hii tarehe. Mkikata rufaa kabla ifike, mnaweza kuomba Everline aendelee kuja vile amekuwa akikuja, mpaka waamue. Tuta-fax leo leo. Lakini mlimwambia nini huyo afisa?"

Wakamweleza. Jeptoo alishika kichwa, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Sambusa tatu!"

"Sasa mgeni utamwanzia na shida zako?" aliuliza Wilbroad. "Nimwambie mwanamke nisiyemjua kwamba naogeshwa?"

"Mzee, yule hakuwa mgeni. Alikuwa kazini. Anaandika kile ameona na kile ameambiwa. Ukimwonyesha siku yako nzuri, ataandika siku nzuri. Mwambie ile mbaya. Na wewe Mama, usijisahau. Wakidhani uko na nguvu, watasema wewe ndiye utamwinua."

Aliwashauri wapate barua ya daktari. Waombe mkalimani wa Kiswahili, maana ni bure. Tena waandike kila siku mambo yanayowashinda.

Flaviana akanunua daftari. Jumanne aliandika: "Wilbroad ameanguka karibu na choo. Nimeshindwa kumwinua. Tumekaa sakafuni wote wawili mpaka Everline alipofika." Alipoyasoma tena maneno yake alishangaa. Kumbe ndivyo tunavyoishi?

Rufaa ilipokelewa, Everline akaendelea kuja kama zamani, na afisa yule yule akarudi kuwakagua upya. Safari hii kiti cha kuogea kilikuwa bafuni, mahali pake. Wilbroad alivaa fulana. Mkalimani, Mkongo mwenye sauti nzito, alikuwa kwenye simu.

"Unaweza kuoga mwenyewe?"

"Hakuna..." alianza Wilbroad. Akamtazama mkewe. "Hapana. Siwezi."

Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe. Alieleza kuanguka, alieleza vifungo, alieleza aibu. "Pole sana, papa," alisema mkalimani, akimwita baba kwa namna ya kwao, kabla ya kutafsiri. Flaviana naye akasoma daftari lake, ukurasa kwa ukurasa.

"Mbona mara ya kwanza hamkuniambia?" aliuliza afisa.

"Tulidhani ndiyo adabu," alijibu Flaviana. Afisa akacheka, na wao wakacheka.

Uamuzi ulifika mwezi uliofuata. Everline aliachiwa siku zake zote sita. Vyuma vya kushikilia vingefungwa ukutani bafuni. Na safari hii Flaviana mwenyewe aliandikiwa saa zake za kusaidiwa.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Flaviana alikuwa ameketi na kahawa yake, miguu juu ya stuli. Hakuwa na la kufanya. Kutoka bafuni Wilbroad aliimba wimbo wa harusi wa Kihaya, kwa nguvu na bila kufuata tuni, huku Everline akimmwagia maji.

"Baba, punguza sauti! Majirani watatushtaki!" Flaviana aliita.

Ukuta ukagongwa kutoka upande wa pili.

"Mwache aimbe, Mama!" Jeptoo alipaza sauti.

Wilbroad akaanza ubeti mwingine.