Lita Moja ya Owiti

Kila Jumamosi, mama yake alipokwenda kupandikiza mpunga katika mashamba ya Ahero, Elsie ndiye aliyebaki na mdogo wake Owiti, mwenye mwaka mmoja na nusu. Alimwogesha, akampa uji, kisha akafua nguo huku mtoto akimfuata kila alikokwenda.

Jumamosi hiyo Owiti alikuwa akiharisha. Mama alimpa Elsie pakiti mbili za dawa alizopewa na mhudumu wa afya.

"Kila pakiti unaichanganya na lita moja ya maji yaliyochemshwa. Lita unaijua?"

"Naijua, Mama," Elsie alijibu haraka.

Hakuijua. Walipofundishwa vipimo darasani, alinakili tu majibu ya mwenzake. Alimimina maji kikombe kimoja cha chai, akatia pakiti nzima, akamnywesha Owiti yote. Mtoto akazidi kulia kwa kiu. Elsie akamchanganyia pakiti ya pili vilevile. Kufikia saa nane mchana, mwili wa Owiti ulilegea, kisha ukaanza kukakamaa.

Elsie alimbeba mgongoni, akakimbia hadi zahanati.

"Amekunywa nini?" akauliza muuguzi, Sista Gakenia.

"Ile dawa ya kuharisha."

"Uliichanganya na lita moja?"

Elsie alitazama sakafu. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Lakini Owiti alikuwa amelala pale kitandani, macho yamegeuka.

"Hapana, Sista. Kikombe kimoja kimoja. Pakiti zote mbili."

Sista Gakenia hakumgombeza. Aliandika maneno hayo kwenye barua ya daktari, akaita ambulensi iwapeleke hospitali ya Kisumu.

Mama aliwakuta hospitalini, miguu ingali na matope ya mpunga. Alisikia yote, akaketi kando ya kitanda cha Owiti. Baadaye sana ndipo aliposema, "Mimi mwenyewe lita siijui. Nilikutegemea wewe uliye shuleni."

Elsie aliona afadhali angechapwa.

Siku ya nne Owiti alinywa maji mkononi mwa mama. Elsie alipomsogezea kikombe, mtoto alifumba mdomo, akageuza uso. Elsie alitoka nje ya wodi, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, walipitia zahanati. Sista Gakenia aliwaonyesha kisanduku cha plastiki.

"Kila upande ni sentimita kumi. Maji yanayoingia humu ndiyo lita moja. Zamani kule Ufaransa kila mji ulikuwa na kipimo chake, watu hawaelewani. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita wakakubaliana kipimo kimoja, jina wakalitoa kwenye litroni, kipimo chao cha kale cha nafaka. Sasa lita ya huko ndiyo lita ya Ahero. Aliyetengeneza dawa hakijui kikombe chenu, Elsie. Anaijua lita. Maji yakiwa machache, chumvi iliyomo humdhuru mtoto."

Elsie alikuwa akilia tena.

"Ukweli wako ulimwonyesha daktari la kufanya, na Owiti amepona. Lakini ukweli huo ulihitajika asubuhi. Kusema 'sijui' si aibu. Uliza, hata kama ni mara kumi."

"Nitauliza, Sista."

Mama alimfunga Owiti mgongoni, kisha akamshika Elsie mkono.

"Tutauliza wote," akasema.