Maswali ya Mwaka wa Kwanza

Watu arobaini walikuwa wakizungumza kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Kila mmoja alikaa mbele ya kioo chembamba, na ndani ya kioo mlikuwa na uso unaotabasamu, ukimuuliza yeye peke yake kwa Kifaransa safi kisicho na haraka: unaitwa nani, una miaka mingapi, unakaa wapi? Mtambo huo uliitwa Msemeshi. Ulisikia koo la mtu likisita, ulisoma mboni za macho yake, na kwa bangili ya mkononi ulihesabu mapigo ya moyo, ili ujue kama neno limeingia kichwani au limeokotwa tu mdomoni. Kazi ya mwaka mzima uliimaliza kwa wiki sita. Tangu hospitali zinazopaa kwa puto zilipoanza kuvuka ziwa kwenda Kongo kila siku, Kigoma nzima ilikuwa inatafuta cheti cha Kifaransa cha mwaka wa kwanza, na bila Msemeshi hukipati.

Nyuma ya darasa alisimama Mwalimu Leokadia Ruchaki, kitambaa mkononi. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa amefundisha Kifaransa katika chumba hichohicho. Sasa cheo chake kilikuwa “mlezi wa darasa”, maana yake, tusidanganyane, alifuta vioo na kuwaonyesha wageni choo kilipo. Kampuni ya Ndimi Haraka, iliyoleta mtambo, iliuchukua mtaala wake wote kama ulivyo: majina na salamu, umri, makazi, familia, chakula, viungo vya mwili, ratiba ya siku. Kitu kimoja tu walikitupa. Enzi zake, siku ya kwanza, Leokadia alimgawia kila mwanafunzi maisha ya kubuni. Fundi cherehani akawa rubani wa Marseille mwenye mbwa wanne. Muuza samaki wa migebuka akawa mjane tajiri anayeumwa goti. Watu wazima walicheka mpaka wakatokwa na machozi, na wakicheka hivyo ulimi ulilegea wenyewe. Ndimi Haraka walisema uongo unauchosha ubongo. Ukimwambia Msemeshi una mbwa wanne ilhali huna hata paka, kioo kiligeuka rangi ya chungwa na sauti ikakwambia kwa upole kwamba hiyo si kweli, tafadhali jibu tena. Alama nayo ikashuka.

Na Leokadia mwenyewe, Mungu amsamehe, alikuwa akipita katikati ya viti akiwahimiza. Jibuni ukweli tu, wanangu, mtamaliza haraka.

Aliyemsikiliza kuliko wote alikuwa Editha, muuguzi wa Ujiji, mtoto pekee wa mama aliyekuwa kitandani mwaka wa pili kwa kiharusi. Editha alitaka kazi kwenye hospitali ya puto, chombo chenye vitanda hamsini kilichoelea angani juu ya ziwa na kutua Kalemie na Moba, upande wa Kongo. Si kwa sababu ya kupaa angani, la. Kila aliyefanya kazi humo aliruhusiwa kumtibisha mzazi wake mle ndani, na mle kulikuwa na mashine ya kuamsha mishipa iliyolala, ambayo huku chini haikuwepo. Basi binti alijibu maswali yote kwa moyo mweupe. Alipoulizwa nyumbani kwake kuna nani, alisema. Alipoulizwa wapi panamuuma, alisema. Alifaulu kwa alama tisini na sita, akamkumbatia Leokadia mlangoni.

Wiki iliyofuata alirudi na barua. Alikuwa amekataliwa. Leokadia alivaa miwani akasoma ripoti iliyoambatanishwa, iliyoandikwa kwa Kiswahili kizuri kabisa: mwombaji ana miaka thelathini na minne. Anaishi Ujiji, nyumba ya vyumba viwili. Hana kaka wala dada. Mama yake ni mgonjwa wa kiharusi. Asubuhi hunywa chai kavu. Huumwa mgongo upande wa kushoto, hasa akiinama. Huamka saa kumi alfajiri kumgeuza mama. Kwa hiyo hafai kwa safari zinazozidi siku mbili.

“Mwalimu, mambo ya mgongo sijamwambia mtu,” Editha alisema. “Hata wenzangu wa wodini hawajui. Nani kawaambia?”

Leokadia alisoma tena kutoka juu. Umri, somo la pili. Makazi, la tatu. Familia, la nne. Chakula, mwili, ratiba ya siku. Ulikuwa mtaala wake, somo kwa somo, kwa mpangilio alioutunga mwenyewe akiwa msichana mwenye chaki puani. Hebu fikiria mtu umejenga nyumba yako kwa mikono yako, kumbe wenzako wanaitumia kama mtego wa panya! Alimwambia Editha ukweli palepale, na sehemu yake mwenyewe ndani ya ukweli huo hakuificha. Editha hakumlaumu. Aliikunja tu barua na kuuliza kama kuna pa kukata rufaa.

Mkurugenzi wa Ndimi Haraka, Bwana Kasobile, alimpokea Leokadia kwa heshima zote, akamkaribisha kiti, akamwagizia maji. Alieleza bila kupandisha sauti kwamba kila mwanafunzi amebonyeza kitufe cha kijani siku ya kwanza, akikubali majibu yake yatumike “kwa manufaa ya mafunzo na ajira”, na kwamba mwajiri naye ana haki ya kumjua anayemwajiri.

“Hatukuuliza hata swali moja lisilokuwemo kwenye mtaala wako, mama yangu,” alisema.

“Mimi niliuliza ili watu wapate kusema,” alijibu Leokadia kwa hasira. “Sikuwa na haja ya kujua nani anaumwa mgongo. Nyinyi mmemkalisha mtu asiye na maneno mia tatu, mkamnyima hata neno la kujifichia, halafu mnajiita walimu. Mna haya kweli?”

Bwana Kasobile hakukasirika, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alisema ripoti haifutwi na mtu, hata yeye mwenyewe hana uwezo huo. Mwombaji akija na kumweleza Msemeshi kwamba hali ya nyumbani imebadilika, mtambo utapima upya na nafasi itafunguka. Mama yake akipona, kwa mfano. Au vinginevyo. Hapo alikunywa maji, na hakumalizia.

Mama yake Editha alifariki siku ya kumi na moja baada ya hapo. Alizikwa Ujiji, na Leokadia alishinda msibani akisaidia kuosha vyombo. Siku ya nne, watu walipopungua, aliketi mkekani karibu na mfiwa akamwambia, huku akiuchukia mdomo wake mwenyewe, kwamba nafasi bado iko wazi. Angejibu swali moja tu. Neno lenyewe, amefariki, lilikuwa la mwaka wa kwanza na alikuwa analijua.

Editha aliuliza Wafaransa wanasemaje wakitaka kumwambia mtu kwamba jambo fulani halimhusu.

Leokadia alishikwa na aibu. Miaka ishirini na minane! Amewafundisha watu kuomba mkate, kuuliza njia ya kituoni, kusifia hali ya hewa, kujieleza kuanzia utosini hadi kisiginoni. Kumfundisha mtu kukataa kujibu, hata siku moja. Alimfundisha pale mkekani, kwa sauti ya chini, neno moja baada ya jingine, na Editha aliyarudia mpaka yakakaa vizuri.

Alhamisi waliingia pamoja kwenye chumba cha rufaa. Editha alivaa bangili, kioo kikawaka, na uso ukatabasamu.

“Habari za asubuhi, Editha,” Msemeshi alisema kwa Kifaransa. “Nimefurahi kukuona tena. Mama yako hajambo?”

Leokadia aliona namba za mapigo ya moyo zikipanda kwenye pembe ya kioo. Aliona pia jina la hospitali ya puto, na chini yake kisanduku kitupu kikisubiri. Ni kazi aliyoihangaikia binti huyu miezi minane. Alitamani ajibu. Alitamani pia akivunje kile kioo kwa kiatu.

“*Cela ne vous regarde pas*,” alisema Editha. Hayo hayakuhusu.

Mtambo ulimwambia kwamba sentensi ni sahihi, matamshi ni mazuri sana, na kwamba amevuka kiwango cha mwaka wa kwanza. Ukampongeza. Ukauliza tena, kwa upole uleule, kama mama yake hajambo. Editha alijibu vilevile. Mara ya tatu hakujibu kitu. Alivua bangili akaiweka mezani taratibu, kama muuguzi anayeweka chini kifaa cha mgonjwa.

Kioo kiliandika uamuzi wake: Hakuna mabadiliko yaliyoripotiwa. Mama wa mwombaji yupo nyumbani, Ujiji, na anahitaji kuhudumiwa kila alfajiri. Ombi limekataliwa.

Leokadia alirukia kitufe cha kumwita msimamizi, akifoka kwamba huu ni upuuzi, kwamba mtu amezikwa mchana kweupe na mji mzima unajua, kwamba lazima warekebishe sasa hivi. Editha alimshika mkono. Alikuwa anausoma ule mstari wa katikati, na midomo ilikuwa inamcheza.

“Usiwaambie, Mwalimu,” alisema. “Waache wamwandike mama hivyohivyo.”