Udi Chini ya Kiti Chekundu

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa. Lakini wapo wanaojenga ukuta kwanza, wakaondoka zao, wakauacha ufa umtafute mtu.

Ufa huo ulimpata Ong Beng Huat, mfagizi wa hekalu moja la Penang. Alfajiri, katikati ya Mwezi wa Mizimu, ambapo wafu huaminiwa kurudi duniani na kuchezewa opera, alikutwa mbele ya jukwaa la opera, ameketi kwenye kiti chekundu cha mstari wa mbele, kidevu kifuani, shingo imevunjika. Mstari ule hakai mtu. Ni wa watazamaji wasioonekana. Viti vingine vilikuwa vitupu, na watu waliapa kwamba vyote vilikuwa vimegeuka kidogo, kana kwamba vinamtazama.

Asubuhi hiyo alifika Teoh Gaik Lan, mpelelezi wa kampuni ya bima ya hekalu. Sok Cheng, binti wa marehemu, alimshika mkono.

"Anti, wanasema baba aliwapora mizimu kiti chao. Hakuna anayetaka kubeba jeneza lake. Nitamzikaje?"

Gaik Lan aliinama. Chini ya kiti, kwenye ufa wa sakafu, vilichomekwa vijiti vitatu vya udi, vimeungua hadi mwisho. Majivu ya karatasi za sadaka zilizochomwa jana yake, yaliyolowa umande, yalikuwa na michirizi miwili ya visigino kutoka baraza jipya la hekalu hadi kitini. Barazani, kwenye majivu yale yale, palikuwa na alama za miguu ya ngazi. Juu ilining'inia taa nzito ya chuma, kioo chake kimepasuka. Taa nyingine zote zilishikwa na skrubu zenye kutu. Za hii zilimeta.

Alianza na Yeap, bosi wa kikundi cha opera.

"Mligombana naye jana?"

"Tuligombana kila siku! Hata feni alinikataza nisiisogeze karibu na viti vile. Ningemuua, ningemtupa mtaroni. Kumkalisha pale? Mimi mkorofi, Madam, si kichaa."

"Na udi huu?"

"Wa kuomba radhi. Ukiingilia nafasi yao, unawasha. Lakini maiti hawashi udi."

Gaik Lan alivitazama tena vile vijiti. Wala mizimu hawajiombi radhi.

Mkandarasi aliyejenga baraza, Khoo Teik Aun, ambaye wote walimwita Tauke, yaani tajiri, alifika na gari lenye ngazi juu, akifyonza kwa mrija kahawa ya kwenye mfuko wa plastiki.

"Mnaniitia nini? Kazi nilishakabidhi."

"Bima yako ya baraza hili bado ipo?"

"Kazi imeisha, bima ya nini? Umewahi kumvalisha helmeti mtu aliyelala kitandani?"

Yeap alicheka. Gaik Lan hakucheka.

"Wewe ulikabidhi, Tauke. Taa haikuambiwa. Ilimwangukia Beng Huat akifagia usiku. Ulikuja kabla hakujapambazuka, ukamkuta amekufa, ukaipandisha kwa skrubu mpya. Angekutwa barazani, ungedaiwa wewe, na bima uliiacha ikafa. Ukaona heri mzigo waubebe mizimu."

"Mzushi! Ushahidi uko wapi?"

"Ishushe ngazi yako garini tuone miguu yake. Itakuwa na majivu ya sadaka. Na asiyewaogopa wenye viti asingewasha udi. Wewe uliogopa."

Khoo alifungua kinywa. Nyuma yao kiti chekundu kililia, kwiii, ingawa hapakuwa na upepo. Khoo aligeuka, mfuko wa kahawa ukamponyoka.

"Nilishawaomba radhi!" alikifokea kiti. "Vijiti vitatu! Mnataka nini tena?"

Kisha Yeap alimsogelea Sok Cheng. "Upande mmoja wa jeneza ni wangu, binti."

Sok Cheng alimkabili Khoo. "Wenye kiti uliwaomba radhi. Sasa muombe baba yangu."

Khoo hakumtazama. Macho yake yalibaki kitini.

"Wale wanaweza kunifuata mpaka kitandani," alisema. "Baba yako alikuwa mfagizi. Siombi."