Mwenzake Murwani

Hebu fikirini chumba kidogo chenye viti viwili vinavyotazamana, boksi la tishu mezani, na kioo kikubwa ukutani. Aliye ndani hujiona mwenyewe katika kioo kile. Lakini nyuma ya kioo kuna chumba kingine, cha giza, na waliokaa humo humwona na kumsikia bila yeye kuwaona. Ndivyo chuo kimoja cha mji wa Yogyakarta, Indonesia, kilivyowafundisha wanasaikolojia wake: mwanafunzi mmoja hukaa kiti cha mtaalamu, mwenzake huigiza mteja, na darasa hutazama.

Alhamisi moja, saa tisa mchana, mvua ikinyesha, mwanafunzi aitwaye Wening aliingia chumbani humo akasikia harufu ya nta ya batiki, ile inayoyeyushwa jikoni kuchorea vitambaa. Pale chuoni hapakuwa na mchora batiki.

"Nani kawasha nini humu?" aliuliza.

"Labda ubongo wako unaungua," alijibu rafiki yake, Danastri, akijitupa kwenye kiti cha mteja. "Mimi nasikia tempe ya kantini tu, ile soya ya kukaanga, na sijaila. Haya anza, mtaalamu, nisije nikakufia na njaa yangu."

Wening hakucheka. Harufu ile aliijua.

Ilikuwa ya Murwani, mchora batiki mwenye kigugumizi, mteja wa kweli wa kwanza ambaye Wening alikabidhiwa. Kwa majuma matano Murwani alimfungulia jambo ambalo hata mama yake mzazi hakulijua: kwamba siku moja, kwa uchovu, alimwombea mwanawe mchanga afe, na kabla ya mwezi kwisha homa ikamchukua mtoto. Katika kazi ile, la mteja halitoki. Lakini siku moja, kabla ya Alhamisi hiyo, Wening alikuwa na zoezi la kesho yake na hakuwa ametunga kisa. Akampa Danastri kisa cha Murwani, neno kwa neno, akabadili jina tu, akasema ni cha kutunga. Akamfundisha na kile kigugumizi. Darasa lilicheka mpaka likashika mbavu, na Wening naye akacheka.

Hakuna aliyegeuka kutazama kiti cha nyuma katika kile chumba cha giza. Murwani alikuwa amewahi miadi yake, na karani, kwa kumwonea huruma na mvua, alimwingiza akae humo gizani. Zoezi lilipokwisha, Wening alimwona mgongo tu, akitoka mlangoni. Siku ya tatu mto Progo ukautoa mwili wake. Kwenye daftari la wateja, Wening aliandika: Hakufika.

Zoezi la Alhamisi lilikwenda vizuri. Lilipokwisha, Bu Nuraidah, yaani Mama Nuraidah, mwalimu wao, alifungua mlango. Desturi yao ni kwamba mwigizaji husimama, huhama kiti na kutaja jina lake la kweli, asije akaondoka na maisha ya mtu mwingine.

"Ahsante, Danastri. Vua uhusika, mama."

Danastri hakusimama.

"Mi-mi-mimi ni Murwani."

Nyuma ya kioo walicheka.

"We Danastri, acha hizo," alinong'ona Wening, aliyekwisha kusimama nyuma ya kiti cha mwenzake. "Jina hilo umelitoa wapi? Mwenyewe alishakufa."

Ndipo harufu ya nta ikajaa chumbani kama moshi wa jiko lililosahauliwa, na Danastri akageuza shingo taratibu, mbali kuliko shingo ya mtu inavyogeuka, mpaka macho yake yakatua juu ya Wening na kubaki hapo bila kupepesa, huku kutoka ndani ya kioo, ambako sasa hakuna aliyekuwa akicheka, kukisikika kilio cha mtoto mchanga, chembamba, kinachokatika na kuanza tena. Wanaume wanne walijaribu kumnyanyua. Hakunyanyuka.

Wakamwita Kiai Zubaidi, shehe wa msikiti wa jirani. Alipangusa miwani yake, akakaa sakafuni, akaanza kusoma. Danastri alitetemeka, lakini sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa tulivu, haina kigugumizi tena.

"Soma, baba. Hata mimi namwogopa Mungu. Lakini msikilize mdai kabla hujamfukuza."

"Wewe nani?"

"Maiti harudi. Mimi ni mwenzake, jini niliyezaliwa naye siku moja. Alipolia nililia naye. Walipomcheka, walinicheka."

"Unataka nini?"

"Yule akae hapa aseme alilolifanya. Wenzake wasikie."

Kiai alimgeukia Wening. "Binti yangu, nikimtoa kwa nguvu atatoka na roho ya mwenzio. Una haki ya mtu uliyoidhulumu?"

Wening aliona kucha za Danastri zikigeuka samawati. Akamkumbuka mama yake kule Wonosobo, aliyelima viazi miaka sita ili mwanawe aitwe mwanasaikolojia. Akifungua kinywa, yote hayo yamekwisha.

"Wening, kuna nini?" alinong'ona Bu Nuraidah. "Niambie, mwanangu."

Wening akapiga magoti mbele ya kioo. Akasema yote: kisa, kigugumizi, kicheko, mgongo ule mlangoni, na uongo wa daftarini. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja gizani alilia.

"Huyu namwacha," ilisema sauti. "Wewe sikuachi."

Danastri akaanguka, akavuta pumzi, akafumbua macho. "Mbona mnanikodolea hivyo? Jamani, nipeni chakula!"

Chuo kilimsimamisha Wening mwaka mzima. Kisha wakaona amejuta kweli, wakamsamehe, akahitimu. Alifungua ofisi yake katika mji wa Magelang, yenye mapazia meupe, bila kioo hata kimoja. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu. Aliketi, akakohoa, akaanza kueleza lililomleta. Katikati ya sentensi akanyamaza, akatazama pembeni ya bega la Wening, akachukua mwavuli wake.

"Samahani, Mbak, dada yangu," alisema kwa adabu. "Nilidhani tutakuwa wawili tu."

Wa pili alisema hivyo hivyo. Na wa tatu.

Wening hujitahidi asigeuke nyuma. Nanyi, wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: anayekupa siri yake haji peke yake.