Ujumbe Nilioufuta Mara Mbili

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yangu ya shule, nilikwenda saiba, duka la intaneti lililo mkabala na msikiti wetu hapa Kitale na kufungua Baraza la Wakulima. Hilo lilikuwa jukwaa la mtandaoni la Mwalimu Wekoye, aliyenifundisha darasa la tano kabla ya kuhamia Mabanga. Wakulima wa Kitale na Bungoma waliulizana humo habari za mbolea na mifugo. Mimi, Shamira, nilikuwa msimamizi wake nikiwa na miaka kumi na mitatu tu, na nilijivuna kupita kiasi. Jioni nilichapisha jumbe na kuzibandika kwenye ukuta wa mashine ya kusaga unga, ili wasiotumia kompyuta wazisome.

Mwalimu alikuwa ameniagiza hivi: "Ukikuta tusi, mwandikie mwenyewe alitoe. Akikataa, futa na uandike sababu. Ukimfungia mtu asiandike tena, niambie."

Machi 2009, Nakhungu, mkulima wa Kamukuywa, aliandika: "Shafi wa Kitale ni mwizi. Nimepanda mbegu zake za mahindi za mfuko wa kijani siku kumi na mbili sasa, hazijaota. Msinunue."

Shafi ni baba yangu. Sikumwandikia Nakhungu alitoe lile neno. Niliufuta ujumbe mzima na kuandika sababu: matusi.

Kabla sijaondoka, aliandika tena. "Nisameheni kwa lile neno. Lakini mbegu za mfuko wa kijani kweli hazioti. Wengine waonywe."

Hapakuwa na tusi hata moja. Niliufuta huo pia, nikaandika matusi, kisha nikamfungia. Mwalimu sikumwambia.

Jumatatu baada ya shule nilikuwa dukani kwa Baba alipoingia Mama Nyaruai, mamake rafiki yangu Rosaline.

"Habari ya masomo, Shamira?"

"Mzuri, mama."

Alichukua mifuko miwili ya kijani, mbegu za shamba lake lote. Nilimsaidia kuifunga kwenye baiskeli. Nilikumbuka alichoandika Nakhungu, nikamwacha aende nayo. Hadi leo naona aibu kuliandika jambo hilo.

Wiki tatu zilipita na shamba lake likabaki udongo mtupu. Siku hiyohiyo niliposikia habari hiyo, Mwalimu Wekoye alikuja Kitale. Nakhungu alikuwa amemfuata Mabanga na mbegu zilizooza, amezifunga kwenye karatasi.

Kule saiba, Mwalimu alifungua ukurasa ambao sikujua kama upo. "Kilichofutwa hakipotei, kinakaa hapa," alisema. "Nisomee ujumbe wa pili."

Nikausoma.

"Tusi liko wapi?"

Nililia, lakini machozi yangu hayangeotesha kitu.

Mwalimu alimfungulia Nakhungu na kurudisha jumbe zake. Chini yazo niliandika nilichofanya, kwa jina langu, kisha nikayachapisha na kwenda kubandika karatasi kwenye ukuta wa mashine huku watu wakinitazama. Baba alipoisoma alinieleza zilikotoka mbegu hizo. Alikuwa amezinunua kwa dalali asiyemjua, wala hakujaribu kuotesha hata punje moja. Aliiondoa mifuko yote rafuni na kuwapelekea wateja wake mbegu nzuri. Lakini wakati wa kupanda ulikuwa umeshapita.

Rosaline alikuja kusaga unga, akasoma.

"Ati ulijua? Ukimfungia mama hiyo mifuko, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Si ungesema tu, bana," alisema, akaenda zake.

Mwalimu alininyang'anya usimamizi. "Nilikupa kazi ya kuzuia watu wasiumizane kwa maneno," aliniambia. "Wewe ukaitumia kumkinga baba yako asiulizwe. Anayeandika uongo, wenzake humwona na kumsahihisha. Anayefuta, hakuna anayeona alichoficha. Kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kuwa mkweli kuliko wote, hasa habari inapowagusa watu wake."

Mwezi wa saba mahindi ya majirani yalikuwa yamenipita kimo. Ya Mama Nyaruai, yaliyopandwa upya kwa kuchelewa, yalinifika magotini. Jumamosi sikuwa tena na kazi saiba, kwa hiyo nilikwenda kuwasaidia kupalilia. Mama Nyaruai alinipa jembe. Rosaline alishika mstari wake nami nikashika wangu, tukalima hadi mchana bila kusemezana.