Sahani Ilikuwa Inarudi Tupu

Niko na miaka arobaini na sita. Ninauza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, hapa Kalemie, na mukono huu unaoandika njo uliomupeleka mudogo wangu kwenye kifo... Nawaambia mapema, musinionee huruma!

Delphin nilimulea mimi mwenyewe. Alikuwa fundi wa baisikeli, lakini lutuku, pombe ile kali, ilikuwa imemushika, eh! Siku moja alikuja sokoni amelewa, akamwaga beseni yangu ya ndagala kwenye matope, akanipiga kofi mbele ya wateja. Haya gani ile! Hasira ikanipanda mpaka kichwani.

Nyinyi munajua desturi yetu. Muntu akikusumbua, hauendi tena kwa wazee, unaenda kwa polisi wamufunge kidogo, apate akili. Wangapi kati yenu hamujafanya vile? Kulikuwa na komanda mumoja wa polisi aliyekuwa ananunua kwangu. Nikamuendea, nikamuomba amufunge. Alicheka, akaniambia: "Mama, siku tatu tu. Atatoka ameshika adabu."

Walimuchukua muchana, watu wakiangalia. Aliniita mimi dada yake mukubwa: "Yaya! Yaya, waambie basi!" Nikageuza uso. Nilisema moyoni, acha ajue.

Kwenye kasho ya polisi, mufungwa anakula kile jamaa yake inaleta. Kesho yake nikaanza kupeleka bukari, ugali wetu, na samaki. Hawakuniruhusu nimuone. Polisi wa mulangoni alikuwa anapokea, na jioni ananirudishia sahani tupu... tena imeoshwa! Mama yetu alitaka kwenda kumuona mutoto wake. Nikamukatalia, nikicheka: "Mama, Delphin anakula kuliko sisi!" Siku ya tatu nikaongeza hata kipande cha kuku. Kuku, wandugu!

Siku ya nne nilienda kumutoa. Komanda hakuniangalia machoni. Alisema Delphin alitoroka. Nikauliza, alitoroka lini, naye jana alikula? Akanifukuza.

Ukweli niliupata kwa mwanaume mumoja aliyefungwa naye, alipoachiliwa. Delphin alikufa jioni ile ile ya kwanza. Walimupiga kwa vitako vya bunduki kwa sababu hakunyamaza, alikuwa anaita tu "Yaya, Yaya." Bukari yangu ya kwanza ilifika yeye amekwisha kufa.

"Chakula chako, Mama, walikuwa wanakula wao," aliniambia. "Tena walikusifu, eti unajua kupika."

Nilikuwa ninawapikia wauaji wake!

Nilishitaki. Nilitoka biro hii, nikaingia ile. Kila mahali waliniuliza, jina lake liliandikwa wapi? Halikuandikwa popote. Maiti hatukuipata mpaka leo. Komanda alihamishwa tu, njo azabu yake yote.

Waheshimiwa wadepite, wakati wa kura munakuja kwetu na munakula ndagala zetu. Pitisheni sheria! Kila anayefungwa jina lake liandikwe, jamaa yake imuone kwa macho, na polisi akiua muntu ahukumiwe kama muuaji, asihamishwe kama mwalimu. Hamuoni haya?

Na nyinyi wenzangu, kama muko na ndugu mulevi, mukorofi, hata mwizi, mumuvumilie. Mumukasirikie, mumufungie mulango wa nyumba. Lakini musimutie mukononi mwa watu ambao hakuna anayewauliza kitu. Mimi sikujua, na kutojua kwangu hakukumusaidia Delphin.

Mama angali muzima. Hajanilaani. Nikimupakulia chakula, anaangalia sahani, anaisukuma pole pole, na kila siku ananiuliza: "Delphin amekwisha kula?"