Bangili ya Waya Mkuu

Saa 1:20 asubuhi. Chumba cha nyuma cha karakana, katikati ya mota zilizofumuliwa.

"Kitendawili," alisema Nguzo, fundi wa laini aliyefukuzwa kazi.

"Tega."

"Hupita juu ya paa lenu kila siku, hodi hapigi."

"Umeme mkubwa." Fundi, msuka mota, hakucheka. Mkewe alikuwa nyumbani akipumua kwa mashine. Umeme wao ulikatwa juzi. Betri ya mashine ingezima saa sita.

Nguzo akaweka mezani bangili ya chuma iliyozungushiwa waya. "Saa mbili watu wa shirika wanazima laini, wanasafisha vikombe vya kauri vinavyoshika waya. Saa tatu wanawasha. Hapo katikati napanda, namvisha mkubwa bangili. Hatumuibii, tunamuonja. Ila laini ikishawaka, ncha hizi za waya wake zisitoke kwenye betri. Zikibaki wazi, zinaua."

"Kuchomoa ndiko kunaua?" Shemeji, mdogo wa mke, aliguna. "Basi ningekufa zamani."

"Shemeji, shika unaloambiwa," alisema Fundi.

Saa 2:35. Nguzo juu ya mnara, jasho hadi kisiginoni. Bangili ikabana.

Saa 3:00. Chini ya mnara, betri mpya waliyokuja nayo imefungwa kwenye ncha, Fundi ameshika waya usiguse chuma. Laini ikanguruma. Taa ya betri ikawaka.

"Inakunywa!"

"Kwa kijiko," alisema Nguzo. "Haijai mpaka saa tano."

Saa 3:40. Pikipiki ya walinzi.

"Laleni!" alisema Nguzo. "Nyasi ndefu, watapita."

"Wakituona, betri wanaichukua," Shemeji alinong'ona. "Dada yangu je?"

"Ni mke wangu!"

"Mke unaoa mwingine. Mimi dada nitampata wapi?"

Akaikumbatia betri. Lakini hakutaka kumuumiza Fundi, aliyekuwa bado ameshika waya, kwa hiyo kwanza akachomoa ncha, taratibu, kama mtu anayechomoa pasi.

Mwanga ukapasuka pale Fundi aliposhika. Hakupiga hata kelele. Shemeji akakimbia na betri. Nguzo naye angeweza kukimbia. Alibaki amepiga magoti, akimwita, mpaka walinzi wakamfunga mikono.

Saa 6:00. Nyumbani, betri ya zamani ilizima. Shemeji akaunganisha ile mpya. Mashine ikavuta pumzi.

"Mume wangu yuko wapi?" aliuliza dada.

"Yuko njiani, dada. Usiongee, utachoka."

Saa 6:11. Taa ya betri mpya ikawa nyekundu.

Dada akamtazama mdogo wake, kisha mlango. "Mwambie aharakishe," alisema.